Nakala Iliyo Kuukuu na Nakala Iliyo Aminifu

Katika bonde la Kilombero Kanuni ya Mtakatifu Benedikto si jambo geni: watawa wa Kanuni hiyo ndio walioanzisha misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902, kabla ya Wakapuchini wa Uswisi kushika kazi mwaka 1921. Lakini ni wachache waulizao maneno yake yametufikia kwa njia gani.

Benedikto aliandika katika karne ya 6, na mwandiko wa mkono wake haupo tena. Nakala iliyo kuukuu kuliko zote imewekwa Oxford. Iliandikwa Uingereza yapata mwaka 700. Nyingine, nambari 914 ya St. Gallen, Uswisi, ni changa kwa miaka mia na zaidi. Mtu angedhani ya kwanza ndiyo ya kuaminiwa. Sivyo. Mwaka 1898 Ludwig Traube alionyesha ya kuwa nakala ya Oxford ina maneno yaliyokwisha kutengenezwa na wanakili, ambao Kilatini cha Benedikto kiliwaudhi masikio.

Grimald na Tatto, watawa wa Reichenau, walifanya vingine. Walinakili kitabu cha Aachen, kilichotokana na kile cha Monte Cassino alichokitaka Karolo Mkuu. Neno lililopinda waliliacha limepinda, na masahihisho ya waalimu wakayatia pembeni. Nakala ya St. Gallen yatokana na kazi yao. Kwa hiyo humo neno la kwanza ni Obsculta, hali vitabu vingi vya baadaye vina Ausculta.

Traube aliamini mno ya kuwa kitabu cha Monte Cassino kiliandikwa na Mtakatifu mwenyewe. Hilo halina ushahidi wa kutosha. Lakini njia yake yasimama hata bila dhana hiyo.

Nasi yatuhusu. Kitabu cha Hendle juu ya Kipogoro kilipigwa chapa Berlin mwaka 1907, na maneno ya Wapogoro, Wandamba na Wambunga yangali yakiandikwa. Mara nyingi mwandishi asikiapo kwa mzee neno asilolijua, hulidhani kosa, akalibadili kwa Kiswahili sanifu. Hapo amefuta ushahidi, wala ajaye nyuma yake hatajua kilichokuwapo. Mzee akiisha kufariki, hakuna wa kuulizwa tena. Basi mwandishi na aandike alivyosikia, na rai yake aiweke pembeni.