Mahali si Jina: Uhakiki wa Orodha katika Viunzi Vitatu vya Programu

Miongoni mwa kazi za mtungaji wa programu, ni chache zinazoonekana nyepesi kama kuonyesha orodha kwenye kioo cha kompyuta. Wepesi huo ni wa juu juu. Viunzi vitatu vya lugha ya JavaScript vyafaa kupimwa kwa jambo hili moja: React, kilichotolewa hadharani na Facebook mwaka 2013, Vue cha Evan You, kilichotoka mwaka 2014, na Angular cha Google, ambacho kiliundwa upya na kutolewa mwaka 2016. Swali ni hili: orodha ikibadilika, kiunzi hujuaje kwamba kitu kilichopo sasa ndicho kile kile kilichokuwapo kwanza?

Swali hilo latokana na desturi ya viunzi vyenyewe. Data ikibadilika, kiunzi hakifuti ukurasa wote, bali hugeuza palipotofautika tu. Kwa hiyo kila kitu katika orodha chahitaji alama ya kukitambua, ambayo katika React na Vue huitwa key.

Mfano utalidhihirisha jambo hili. Mwalimu ana orodha ya wanafunzi watatu, Asha, Juma na Neema, na kando ya kila jina pana kisanduku alimoandika maoni yake, ambayo bado hayajaingizwa katika data. Mtungaji ameifanya nafasi ya kila jina kuwa ndiyo alama yake. Asha akiondolewa, Juma hushika nafasi ya kwanza, na kiunzi hudhani kuwa wa kwanza ni yule yule: jina hulibadili, kisanduku hukiacha. Basi maoni ya Asha yasomeka kando ya Juma, ya Juma kando ya Neema, na ya Neema yapotea. Hakuna kosa linalotangazwa. Ukurasa wapendeza, nao wasema uongo.

React chastahili sifa kwa kumwonya mtungaji aliyeacha alama. Ila onyo hunyamaza mara atumiapo nafasi, ijapokuwa hatari ni ile ile. Vue, alama isipowekwa, hurekebisha kila kitu pale pale kilipo. Maelezo yake rasmi yakiri kwamba njia hiyo haifai penye visanduku vya kuandikia. Angular ndicho kilichokwenda mbali zaidi: toleo la 17, la mwaka 2023, lilileta muundo mpya wa orodha ambao haukubali kuachwa bila alama. Hata hivyo nacho chairuhusu nafasi kuwa alama. Sheria yaweza kumlazimisha mtu ajibu. Haiwezi kumlazimisha ajibu kweli.

Wako wakimbiliao alama ya kubahatisha, inayozaliwa upya kila ukurasa uchorwapo. Hiyo ni mbaya zaidi, kwani kila kitu huhesabiwa kigeni, kikavunjwa na kujengwa tena. Alama njema hutoka katika data yenyewe, kama nambari ya uandikishaji ya mwanafunzi, isiyobadilika akihamishwa dawati.

Hapa lugha nayo ina neno. Atakayefasiri key kwa “ufunguo” atampa mwanafunzi picha ya kufungua, na hapa hakuna kinachofunguliwa. “Kitambulisho” chafaa zaidi, kwa kuwa Mswahili ajua kwamba kitambulisho ni cha mtu, si cha kiti alichokalia.