Mlipuko Hauchekeshi Bila Mtu wa Kuanguka

Kijana wa Mlali, hapa Tanzania, akitaka kurekodi filamu ya vituko kwa simu, kwanza hutafuta programu ya kuweka milipuko. Anaanzia mwishoni. Mlipuko, roboti au kiumbe wa sayari nyingine havichekeshi vyenyewe; anayechekesha ni mtu anayevipokea.

Tazama CJ7, filamu ya mwaka 2008 ya Stephen Chow wa Hong Kong, inayozitania hadithi za wageni wa anga za mbali. Kijibwa kilichotengenezwa kwa kompyuta kinaingia katika nyumba ya baba fukara. Mwanawe, Dicky, anaota kimempa vifaa vya ajabu, shuleni hakuna wa kumgusa. Anaamka, anakibeba kwa majivuno, na kinachomtolea ni kinyesi. Ndoto imepewa kishindo chote cha kompyuta makusudi, ili fedheha inayofuata ionekane usoni mwa Xu Jiao, mtoto wa kike aliyeigiza kama mvulana. Kompyuta inapandisha matumaini, uso unayaporomosha.

Wakaliga, mtaa wa Kampala, kanuni hiyo ilifanya kazi karibu bila fedha. Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Kompyuta aliiunda mwenyewe kwa vipuri, bunduki zikatengenezwa kwa vyuma chakavu, damu ikawa rangi nyekundu ndani ya kondomu. Helikopta inayoishambulia Kampala imechorwa, na kila mtazamaji anaona imechorwa. Mbona basi filamu haivunjiki? Kwa sababu waigizaji, wengi wao wapenzi wa kung fu, wanarusha mateke na kuanguka kwa dhati. Udongo wanaoangukia ni wa kweli, na mwili ukishakubali kwamba umepigwa, jicho linausamehe mchoro.

Kisha kuna sauti. VJ Emmie, msimulizi wa filamu hiyo ya Wakaliga, anazungumza juu ya picha, anachomekea utani, anawashangilia makomando wake. Sisi Watanzania tunaijua kazi hiyo kupitia Lufufu, aliyetusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kwa Emmie sauti ina jukumu la kiufundi: pale picha inapopwaya, yeye anaushika mdundo, na kicheko hakipati mwanya wa kupoa. Leo huwezi kuitenganisha sauti hiyo na filamu, maana Nabwana aliifuta kazi ya awali kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu nyingine. Nakala iliyobaki ndiyo yenye sauti ya Emmie.

Kwa hiyo, vijana wa Mlali, wekeni programu kando kwanza. Fanyeni mazoezi ya kuanguka kwenye mchanga, mrekodi bila mlipuko wowote, halafu waonyesheni majirani. Wakicheka, ongezeni moto. Wasipocheka, rudini mchangani.