Toleo Lipi Ndilo Kazi? Uhakiki wa Ukusanyaji wa Singo za Remiksi za Muziki wa Kielektroniki katika Santuri

1.0 Utangulizi

Mhakiki anapoulizwa anachambua kazi gani, jibu lake la kwanza huwa ni jina la matini na mwaka wa kutolewa kwake. Jibu hilo halitoshi panapohusika wimbo wa kielektroniki uliotolewa katika santuri. Wimbo mmoja huweza kuwa na toleo la albamu, toleo fupi la redio, toleo refu la disko, toleo la ala tupu, na matoleo mengine yaliyoundwa na mafundi ambao hawakuwamo studio siku wimbo uliporekodiwa. Ni lipi kati ya hayo ndilo kazi?

Makala haya yanahakiki ukusanyaji wa singo za remiksi kwa kulenga swali hilo. Kwa madhumuni ya makala, remiksi ni toleo linaloundwa kwa kuchukua sehemu za wimbo uliokwisha kurekodiwa, kama vile sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na kinanda, kisha kuzipanga upya, kuzipunguza, kuzirefusha au kuziongezea ala nyingine. Hoja ya msingi ni kwamba mkusanyaji wa santuri hizi hufanya kazi inayokaribiana na ya mhariri wa miswada: huhifadhi na kulinganisha matoleo yanayopishana. Hata hivyo, hadhi hiyo haipatikani kwa kumiliki tu. Hupatikana pale ukusanyaji unapozaa usikilizaji na ulinganishi.

2.0 Umbo la Inchi 12 na Athari Zake

Remiksi haiwezi kutenganishwa na umbo lililoibeba. Santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika iliingizwa sokoni na RCA Victor mwaka 1949, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa makazi ya singo. Ufinyu wake uliuzoesha wimbo wa kibiashara kuishi ndani ya dakika chache. Katikati ya miaka ya 1970, mjini New York, Tom Moulton alikuwa akirefusha nyimbo kwa ajili ya disko. Kwa maelezo yake mwenyewe, fundi wa kukata santuri, José Rodriguez, aliishiwa sahani za inchi 7 akatumia sahani kubwa zaidi. Mifuo ilipoonekana imejikusanya katika sehemu ndogo ya sahani hiyo, Moulton aliomba itandazwe. Matokeo yake yalikuwa sauti yenye nguvu kuliko ile waliyoizoea.

Sababu ya tokeo hilo ni ya kimaumbile. Besi huufanya mfuo uyumbe kwa upana. Mifuo ikibanana, fundi hulazimika kupunguza sauti ili mmoja usiuingilie mwenziwe. Nafasi ikipatikana, sauti hupandishwa na besi huachwa itawale. Aidha, santuri inayozunguka mara 45 hupitisha chini ya sindano urefu wa mfuo uliozidi kwa asilimia 35 ule wa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa muda uleule, na hivyo sauti kali huandikwa kwa ufasaha zaidi.

Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ilitoa wimbo "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure katika santuri ya inchi 12, ukiwa umepangwa upya na DJ Walter Gibbons hadi kuzidi dakika 9. Santuri hiyo hutambuliwa kwa kawaida kuwa singo ya kwanza ya inchi 12 kuuzwa kwa umma. Gibbons hakuongeza urefu kwa ajili ya urefu. Aliugeuza wimbo kuwa safari ya mchezaji: maneno yanarudi nyuma, ngoma inabaki peke yake, kisha ala zinarejea moja baada ya nyingine. Hapa fani imeongoza maudhui. DJ huweza hata kuusoma wimbo huo kwa macho, kwa kuwa mpishano wa vivuli juu ya mifuo humwonyesha mahali ala zinapopungua na zinapojaa.

3.0 Mifano Miwili: "Blue Monday" na "Missing"

"Blue Monday" ya kundi la New Order, iliyotolewa Uingereza na Factory Records mwezi Machi 1983, ilitoka kwanza kama singo ya inchi 12. Jalada lake, lililobuniwa na Peter Saville na Brett Wickens, lilifanana na diski laini ya kompyuta. Lilikatwa matundu na halikuandikwa jina la kundi wala la wimbo kwa herufi. Maandishi yalifichwa katika alama za rangi, na ufunguo wa kuzisoma uliwekwa nyuma ya jalada la albamu Power, Corruption & Lies ya mwaka huohuo. Kwa hiyo, mwenye singo peke yake alikuwa na matini asiyoweza kuisoma kikamilifu. Maana ilimtaka awe na santuri ya pili. Ukusanyaji, katika mfano huu, umo ndani ya muundo wa kazi yenyewe.

Upande wa pili wa santuri hiyo una "The Beach", ambayo kwa hakika ni toleo la ala la "Blue Monday" lililopewa jina jingine. Mwaka 1988 wimbo ulitolewa tena katika remiksi iliyowahusisha Quincy Jones na John Potoker. Mkusanyaji anayefuata majina pekee atakosa uhusiano wa kwanza, na anayefuata mwaka wa kwanza pekee atakosa wa pili. Ni msikilizaji mlinganishi tu anayegundua kwamba ana kazi moja yenye sura tatu.

Mfano wa "Missing" wa Everything but the Girl unakwenda mbali zaidi. Wimbo ulitoka mwaka 1994 katika albamu Amplified Heart ukiwa mtulivu, na singo yake haikufanya vizuri. Todd Terry wa New York akauwekea mdundo wa hausi chini ya sauti ya Tracey Thorn. Toleo hilo lilifika nafasi ya 3 Uingereza na nafasi ya 2 katika chati kuu ya Marekani. Jambo la kuzingatia ni kwamba maneno ya majonzi hayakuguswa sana. Kilichobadilika ni mahali pa kuyasikilizia. Huzuni ya mtu aliyekaa peke yake imekuwa huzuni ya mtu aliyezungukwa na wachezaji, na upweke wake umeongezeka badala ya kupungua. Albamu iliyofuata ya kundi hilo, Walking Wounded (1996), iliegemea muziki wa kielektroniki. Remiksi, basi, haikuufuata wimbo tu. Ilimfuata hata mtunzi na kubadili njia yake.

4.0 Mkusanyaji kama Mhariri

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawapaswi kulishangaa swali hili. Katika fasihi simulizi, kila fanani huumba hadithi upya mbele ya hadhira, na hakuna utendaji mmoja unaofuta mwingine. Tendi za kale nazo zimetufikia kwa nakala zilizopishana. Al-Inkishafi, kwa mfano, imepita mikononi mwa wahariri zaidi ya mmoja, akiwemo William Hichens aliyeichapisha mwaka 1939. Mhariri makini hazitupi nakala zinazopishana. Huziweka bega kwa bega na kueleza tofauti zake.

Mkusanyaji wa santuri hufanya hivyo anaponakili namba zilizochorwa karibu na lebo, ambazo humsaidia kutambua ukataji na uchapaji wa nakala aliyonayo. Hufanya hivyo pia anapotofautisha santuri ya kuuzwa na ile ya majaribio yenye lebo nyeupe iliyopelekwa kwa ma-DJ. Si ajabu kwamba Discogs, orodha kubwa ya santuri iliyoanzishwa mwaka 2000, ilianza na muziki wa kielektroniki, kwa kuwa huko ndiko matoleo yalikozidi kutatanisha. Umuhimu wa kazi hii umeongezeka leo. Matoleo mengi ya upande wa pili hayajawahi kuwekwa katika huduma za dijitali, na mhakiki anayetegemea huduma hizo pekee huchambua kile ambacho kampuni imeamua kukibakiza.

5.0 Mipaka ya Ukusanyaji

Walter Benjamin, katika insha yake mashuhuri ya miaka ya 1930, alidai kwamba unakilishaji wa kimashine huiondolea kazi ya sanaa haiba ya upekee wake. Singo ya remiksi inalitatiza dai hilo, kwani hapa hakuna tukio moja la asili lililonakiliwa. Wimbo umejengwa kwa vipande tangu mwanzo. Hata hivyo, wakusanyaji wameirudisha haiba hiyo kwa mlango wa nyuma. Wameihamisha kutoka kwenye sauti hadi kwenye bidhaa: jalada lenye matundu badala ya lisilo nayo, nakala isiyofunguliwa badala ya iliyochezwa. Santuri ambayo haijawahi kuguswa na sindano ni sawa na mswada uliofungiwa sandukuni. Ipo, lakini haisemi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Remiksi ya disko na hausi ilikuzwa na hadhira mahususi, hususan Wamarekani weusi, Walatino na mashoga wa New York na Chicago, katika kumbi kama Warehouse alikopiga Frankie Knuckles kuanzia mwaka 1977. Mwili wa mchezaji ndio uliomwambia DJ kipi kirefushwe. Orodha ya mkusanyaji hurekodi namba, mwaka na rangi ya lebo, lakini mara nyingi humwacha mchezaji huyo nje. Tumezoea kuwakosoa wakusanyaji wa ngano walioandika maneno na kuisahau hadhira. Haki inatutaka tutumie kipimo hichohicho hapa.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kazi, katika muziki huu, si toleo la kwanza wala lililouzwa zaidi. Ni uhusiano uliopo kati ya matoleo. Uhusiano huo hauonekani bila mtu aliyeyakusanya, na haueleweki bila mtu aliyeyasikiliza pamoja. Kutokana na hoja hizo, makala yanapendekeza kwamba mtafiti wa muziki uliorekodiwa ataje toleo analolichambua, umbo lililolibeba na hadhira iliyolipokea. Mkusanyaji anayemwezesha kufanya hivyo ni mshirika wa utafiti. Anayehesabu santuri zake bila kuzicheza ni mtunza bohari.