Mtenda Aliyefichwa: Tamthilia, Habari na Sarufi katika Ufundishaji wa Kiingereza Kampala, na Urithi Unaokingoja Kiswahili

Katika mtihani wa Kiingereza wa kumaliza elimu ya msingi nchini Uganda kuna sehemu ambayo kila aliyesoma Kampala anaikumbuka. Mtahiniwa hupewa sentensi na kuagizwa aiandike upya kama alivyoelekezwa: aigeuze kauli ya kutenda iwe ya kutendwa, aondoe usemi halisi na kuweka usemi wa taarifa, aunganishe sentensi mbili kwa neno moja. Zoezi hilo humfuata hadi sekondari, na mwanafunzi hodari hulifanya kwa wepesi wa fundi cherehani anayegeuza kola. Makala haya hayalilaumu zoezi lenyewe. Yanadai kwamba limekatwa kutoka katika kazi mbili zinazolipa maana, yaani jukwaa na chumba cha habari, na kwamba mkato huohuo unaelekea kuhamishiwa katika Kiswahili.

Tamthilia ni usemi halisi. Mhusika husema kwa nafsi ya kwanza, katika wakati uliopo, mbele ya anayeambiwa, wala hakuna msimulizi wa kumpunguzia ukali. Habari ni usemi wa taarifa. Mwandishi hakuwa ndiye msemaji. Analeta neno la mwingine, na kila kitenzi anachokichagua, awe “alisema”, “alidai” au “alikiri”, kinambebesha msemaji uzito tofauti. Kwa hiyo mwanafunzi anayegeuza usemi halisi kuwa wa taarifa anavuka kutoka jukwaani kwenda gazetini, ila hakuna anayemwambia. Anaambiwa tu abadili viwakilishi, nyakati na alama za kunukuu, kisha anapewa alama yake.

Ndivyo ilivyo hata kwa kauli ya kutendwa. “Polisi walimpiga mwanafunzi” hugeuka kuwa “Mwanafunzi alipigwa na polisi”, na hatua moja zaidi huleta “Mwanafunzi alipigwa”. Kisarufi sentensi zote tatu ni sahihi. Kwa mhariri wa gazeti zinatofautiana kama mchana na usiku, kwa sababu katika ya tatu mtenda ametoweka. Jukwaani mtenda hafichiki kirahisi: kofi likipigwa mbele ya hadhira, mkono wa mpigaji unaonekana.

Historia ya Makerere inao mfano wa mtu mmoja aliyezishika kazi hizi zote kwa wakati mmoja. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akijulikana kama James Ngugi, aliingia Makerere mwaka 1959, chuo kilipokuwa bado na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, akasoma Kiingereza. Akiwa mwanafunzi alichapisha hadithi katika Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza, na aliandika makala za maoni katika magazeti ya Nairobi. Novemba 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Uganda, tamthilia yake The Black Hermit iliigizwa katika Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala. Sarufi aliipata darasani. Jarida, gazeti na jukwaa vilikuwa nje ya darasa, na huko ndiko sarufi ilikopata kazi ya kufanya.

Kabla ya The Black Hermit alikuwa ameandika mchezo mfupi, The Wound in the Heart, unaohusu mtu anayerudi kutoka kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau na kukuta mkewe amebakwa na ofisa wa kikoloni. Mchezo huo haukuruhusiwa kuonyeshwa katika Jumba la Taifa. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, kilichowakera waliokataa ni wazo kwamba ofisa wa Kiingereza angeweza kufanya jambo kama hilo. Ukitazamwa kwa jicho la sarufi, mkasa huo ni somo kamili. “Mwanamke alibakwa” ni sentensi ambayo pengine ingepita. Kikwazo kilikuwa kiunganishi “na” pamoja na nomino inayokifuata. Hakuna kitabu cha mazoezi kinachoweza kumfundisha mwanafunzi thamani ya mtenda katika kauli ya kutendwa kama kinavyofanya kisa hicho kimoja, lakini kisa hicho hakimo vitabuni.

The Black Hermit yenyewe haina budi kuhakikiwa bila heshima ya kupita kiasi. Kijijini wahusika huzungumza kwa ushairi, mjini kwa nathari, kana kwamba mkulima hawezi kuzungumza mambo ya kawaida kwa maneno ya kawaida. Tatizo si ufundi mdogo wa kijana. Mama wa kijijini aliyewekewa Kiingereza kinywani si usemi halisi tena. Ni usemi wa taarifa uliovalishwa nguo za jukwaani, kwa kuwa maneno yake yamekwisha kutafsiriwa kabla hajayatamka. Katika Decolonising the Mind (1986) Ngũgĩ alizirudia tamthilia zake za Kiingereza na kulikosoa jambo hilo. Kundi la maigizo la kusafiri la Makerere, lililozunguka katikati ya miaka ya 1960, lilikutana na ukweli huo mapema zaidi na kwa njia ya vitendo: lilipotoka nje ya chuo liliongeza michezo ya lugha za Kiafrika, Kiganda na Kiswahili zikiwemo. Inafaa kukumbukwa pia kwamba mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere Juni 1962 ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza peke yao. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakuwa na sifa ya kualikwa.

Kiswahili sasa kimebishiwa hodi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu hawatoshi, na mahali penye uhaba wa walimu kielelezo kilicho karibu huigwa. Kielelezo kilicho karibu Kampala ni zoezi la Kiingereza.

Hatari yake inaonekana tayari katika vitabu vya marudio vya Kenya. Humo mwanafunzi hufundishwa kwamba “Nitarudi kesho” katika usemi wa taarifa huwa “Alisema kwamba angerudi siku iliyofuata”. Huo ni mtindo wa Kiingereza wa kusogeza nyakati nyuma, uliopachikwa kwenye kiambishi -nge-, ambacho kazi yake ya msingi ni sharti. Msomaji wa gazeti lolote la Dar es Salaam anakutana na kitu kingine kila asubuhi: waziri alisema barabara itajengwa, mbunge alisema atakata rufaa. Akiambiwa “alisema angerudi”, msikilizaji wengi huisubiri “lakini”. Zoezi lililotengwa na chumba cha habari limezaa Kiswahili ambacho chumba cha habari hakikitumii, na mwenye kuandika kama gazeti hukosa alama.

Upande wa kauli hasara ni kubwa zaidi, maana Kiswahili kina hatua ambayo zoezi la Kiingereza halina nafasi yake. Maandamano “yalitawanywa na polisi”, maandamano “yalitawanywa”, maandamano “yalitawanyika”. Katika la pili mtenda amefichwa, ila swali “na nani?” bado linaulizika. Katika la tatu swali hilo limefungiwa mlango: kauli ya kutendeka haimpokei mtenda. Ripota wa Kampala anayetafsiri taarifa ya polisi kutoka Kiingereza huchagua kati ya viambishi hivyo viwili kabla ya saa ya kufunga ukurasa, na uchaguzi wake ni uamuzi wa kihariri hata kama yeye anaudhani ni wa kimtindo. Mwanafunzi aliyezoeshwa kugeuza kutenda kuwa kutendwa, basi, hana habari kwamba kuna chaguo.

Wapo watakaosema kwamba maigizo hayasahihishiki katika mtihani wa maelfu ya watahiniwa, na pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo kinachohitajika si mtihani mpya. Onyesho la dakika tano la ugomvi sokoni Owino, likiandikwa na darasa, linaweza kuripotiwa na nusu ya darasa hilo kwa aya moja ya habari. Kisha sentensi za aya hiyo zipelekwe ubaoni na kuulizwa ni nani ametoweka kati ya onyesho na ripoti, na ni kiambishi gani kilichomwondoa. Karatasi ya mtihani inaweza kubaki ilivyo. Kitakachobadilika ni mwongozo wa kusahihisha, ambao utalazimika kuikubali “alisema atarudi”, na kumtaka anayeandika “yalitawanyika” aeleze kwa sentensi moja kwa nini hakuandika “yalitawanywa”.