Mwashi wa Chooni

Wageni wafikao Lamu husifu milango ya nakshi na vidaka vya ndani, nao husifu kwa haki. Lakini yupo fundi asiyetajwa, naye ni mwashi aingiaye katika choo kidogo cha nyumba ya mawe, penye giza na unyevu wa miaka mingi, akakifanya kiwafae watu wa zama hizi pasipo kuidhuru nyumba iliyokizaa.

Udogo wa chumba hicho hautokani na ubahili wa waliojenga. Dari za nyumba hizi huchukuliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti hauruhusu chumba kuzidi upana wa kiasi cha mita 3; basi vyumba vingine vilipokwisha kupata haki yao, choo kiliachiwa pembe. Humo mlikuwa na birika la chokaa, kata ya kifuu, na samaki wadogo waliotiwa majini wale viluwiluwi vya mbu, hekima ambayo naistahi hata leo.

Sasa wenye nyumba wataka bomba la mvua, beseni na choo cha kuvuta, na hapana wa kuwalaumu. Hatari ni saruji. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhi pamoja na chumvi yake, kisha huutoa hewani. Zikipakwa saruji unyevu hukosa pa kutokea, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, lipu ikavimba na kuanguka mapande mapande, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vikaoza pasipo mtu kujua. Kwa hiyo mwashi stadi hubandika vigae pale tu yapigapo maji, na kwingineko hurudisha chokaa: matumbawe yaliyochomwa, yakazimwa kwa maji hata yakatokota yenyewe, yakaachwa wiki kadhaa mpaka yakalainika mithili ya samli iliyoganda. Huipaka tabaka nyembamba juu ya tabaka, akiunyunyizia ukuta maji usikauke kwa pupa, maana chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na asiye na subira asiiguse.

Lakini ustadi wake wote huonekana sakafuni. Mwinamo wa kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita watosha. Ukizidi mguu huteleza, ukipungua maji hutuama. Pimamaji huitumia, ila haitegemei peke yake: huchota kata moja, akaimwaga katika pembe ya mbali, akachutama kuutazama ukingo wa maji utambaavyo kuelekea tunduni, na popote unaposita hutia alama ya mkaa, akabandua, akaanza tena. Chini ya choo na beseni huweka bomba lililopindwa, umbo ambalo Alexander Cumming alilipatia hataza Uingereza mwaka 1775. Maji machache yabakiayo katika pindo huzuia harufu ya karo isipande. Pasipo pindo hilo, choo cha ndani hakistahimiliki.

Aghalabu katika mapatano ya ujira mwenye nyumba hubishania bei ya vigae, asiulize habari za mwinamo, na siku za kungojea chokaa huziita siku za uvivu. Hiyo si insafu. Siku hizo ni kazi tupu, na zistahili kuandikwa na kulipwa tangu mwanzo, kabla ya kigae cha kwanza kununuliwa.