Kutoka Kutuzwa Harusini hadi Mrabaha: Kazi ya Muziki wa Asili Inavyojengwa Mara

Muziki wa kantri wa Marekani ni muziki wa watu wa mashambani uliogeuka kuwa kazi ya kulipwa. Ulianzia kwenye nyimbo za wakulima na wachimba makaa wa milima ya Appalachia na majimbo ya kusini, zilizopigwa kwa fidla, banjo na gitaa kwenye harusi, ibada na dansi za vijijini. Katika miaka ya 1920 muziki huo ukapata sahani za santuri, redio, mikataba na wanunuzi. Mkoa wa Mara nchini Tanzania una muziki wa aina hiyohiyo: litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo wa Rorya, zote ala za nyuzi, nyimbo za Wazanaki wa Butiama, za Wajita wa pwani ya ziwa kuanzia Musoma hadi Bunda, za Waikizu na Wasukuma. Vipaji havijawahi kupungua. Kinachohitaji kuchambuliwa ni namna mpigaji anavyotoka kwenye kutuzwa harusini na kufika kwenye kuishi kwa muziki wake, na hapo jambo linaloyabeba mengine yote ni umiliki wa wimbo.

Bristol, 1927

Mwishoni mwa Julai 1927 Ralph Peer, aliyekuwa akiitafutia kampuni ya santuri ya Victor wasanii, alifungua studio ya muda katika mji wa Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia. Familia ya Carter ilirekodi kuanzia tarehe 1 Agosti, na Jimmie Rodgers tarehe 4. Malipo yalikuwa dola 50 kwa wimbo mmoja, yaani upande mmoja wa sahani. Kwa wanakijiji wa wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi, lakini uzito wa jambo haukuwa kwenye dola hizo.

Peer alitaka nyimbo zinazoweza kusajiliwa. Wimbo wa zamani unaojulikana na kila mtu haukumfaa, kwa kuwa hauna mtunzi wa kulipwa kila sahani inapouzwa. Msanii alitakiwa kuja na utunzi wake, au wimbo wa kale aliousuka upya kiasi cha kuwa kazi nyingine. A. P. Carter alizunguka vijijini akikusanya nyimbo, akazipanga upya na kuzisajili kwa jina lake. Njia hiyo ililisha familia yake, na pia iliacha swali la haki ya wale waliozihifadhi nyimbo hizo kabla yake.

Redio ikaongeza nguvu. Kituo cha WSM cha Nashville kilianza mwaka 1925 kurusha kipindi cha muziki wa kijijini ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry. Redio yenyewe haikumlipa msanii sana. Ilimpa jina, na jina likajaza kumbi alizozizungukia wiki nzima. Ukumbi ulimpa fedha ya leo na wimbo uliosajiliwa ukampa fedha ya miaka ijayo. Wasanii wengi wa kantri waliodumu walisimama juu ya mambo hayo matatu.

Kapkatet, 1950

Muziki huo haukuchelewa kufika Afrika Mashariki. Sahani za Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, zilichezwa kwenye gramafoni katika nchi ya Wakipsigisi, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipofika Kapkatet alikuta jina la Rodgers limekuwa Chemirocha, na wasichana wakiliimba kwa kusindikizwa na ala ya nyuzi ya kwao. Katika wimbo wao Rodgers alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Rekodi hiyo imesikilizwa na kusifiwa duniani kote, na inaonyesha jinsi sikio la mwanakijiji linavyopokea kitu kigeni na kukifanya chake. Lakini Tracey alikuwa akijenga maktaba ya sauti, na maktaba huhifadhi. Haikuundwa ili kumtengenezea mwimbaji maisha. Rekodi hizo zilirudishwa kwa Wakipsigisi miaka ya 2010, zaidi ya miaka 60 baadaye. Bristol na Kapkatet zote zilirekodi muziki wa vijijini kwa mashine za kisasa za wakati wake. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi: upande mmoja kulikuwa na mtunzi aliyesajiliwa na malipo yaliyoandikwa, upande wa pili lengo lilikuwa kuhifadhi.

Harusi na bendi

Kazi ya mpigaji wa Mara huanzia kwenye shughuli za watu. Mwenye litungu huitwa kwenye harusi, mazishi ya mzee, sherehe za mavuno, na siku hizi kwenye kampeni na mikutano ya wanasiasa. Hulipwa kwa makubaliano ya awali, kisha hutuzwa. Anayejua nasaba za watu hutuzwa zaidi, kwa sababu mtu akisikia jina la babu yake likisifiwa mbele ya wageni hawezi kukaa kimya. Huu ni ujuzi mkubwa. Unamfundisha msanii kusoma hadhira, kurefusha ubeti panapohitajika na kutunga papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba sifa za ukoo mmoja haziendi mbali. Mtu wa Bunda mjini asiyeujua ukoo huo hana sababu ya kuusikiliza wimbo mara ya pili. Mpigaji anayetaka kwenda mbele lazima awe na mkoba wa pili wa nyimbo, zinazosema mapenzi, ng'ombe, ziwa, ugumu wa maisha na safari, mambo yanayomgusa hata asiye na ndugu kwenye wimbo.

Mjini kulikuwa na njia nyingine. Katika enzi za bendi za dansi, Musoma ilikuwa na Mara Jazz na mtindo wake wa Sensera. Bendi za wakati huo nchini zilifuata mpango unaofanana: vyombo ni vya mwenye bendi au taasisi, mwanamuziki ni mwajiriwa, na nyimbo hurekodiwa kwenye kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Mpango huo ulitoa mshahara na shule nzuri ya muziki. Lakini mwanamuziki alipohama bendi, mara nyingi aliondoka na kipaji chake tu, na wimbo ukabaki nyuma kwa jina la bendi.

Serikali nayo iliupa muziki wa asili nafasi mapema. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliliambia Bunge kwamba wengi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao, akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kutoka hapo vilizaliwa vikundi vya taifa vya sanaa, na baadaye chuo cha Bagamoyo ambacho leo ni TaSUBa. Sera hiyo iliupa muziki wa asili heshima. Ilitazama zaidi kabila na taifa, na mtunzi mmoja mmoja alisubiri hadi 1999 sheria iliyounda chombo cha kumkusanyia mirabaha.

Litungu studio

Litungu ni ala ya nyuzi nane. Lina mwili wa mbao uliowambwa ngozi, mikono miwili na kijiti cha juu kinachoshika nyuzi. Nyuzi zilizokuwa za kano za mnyama sasa aghalabu ni nailoni, ileile ya kuvulia samaki. Sauti yake ni nzito, yenye mtetemo mkali unaokaa kifuani mwa msikilizaji. Uzuri huo ndio unaoleta taabu studio.

Taabu ya kwanza ni spika ya simu. Wasikilizaji wengi wa leo husikia muziki kwenye simu, na spika yake ndogo hudhoofika sana chini ya takriban hezi 300. Nyuzi nene za litungu zina sauti ya msingi chini ya hapo. Prodyuza asipoliangalia hilo, wimbo utavuma vizuri kwenye spika kubwa za studio, kisha kwenye simu litungu lote litoweke na kubaki ngoma na mwimbaji. Dawa yake ni kurekodi kwa maiki mbili, moja karibu na ngozi kwa ajili ya uzito, nyingine karibu na vidole kwa ajili ya mkwaruzo wa uzi na sauti za juu zinazozaliwa na uzi huohuo. Zile za juu zikiinuliwa kidogo, sikio hujaza lenyewe kilichokosekana chini. Kabla ya kukabidhi kazi, wimbo husikilizwa kwenye simu ya bei nafuu, kwenye redio ya bodaboda na kwenye sabufa ya kibandani.

Taabu ya pili ni ufunguo. Mpigaji hukaza nyuzi zake kufuata koo lake, si kufuata kinanda. Kinanda kikiingizwa juu yake bila kurekebishwa, viwili hivyo hugongana na mwimbaji huonekana kakosea. Kukaza litungu lifuate kinanda kunawezekana, ila mwimbaji huweza kusukumwa nje ya sauti yake. Lililo rahisi ni kushusha au kupandisha kinanda kwenye kompyuta hadi kikutane na litungu.

Taabu ya tatu ni mwendo. Biti ya kompyuta haibadiliki, na mpigaji wa litungu huharakisha wimbo unapochangamka. Akilazimishwa kufuata biti tangu mwanzo, wimbo hupoa. Wanaofanikiwa humrekodi kwanza peke yake na mwimbaji, kisha ngoma na besi hupigwa kumfuata yeye.

Lugha na njia za kusambaza

Redio za Tanzania hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, na mtangazaji wa Musoma au Bunda huutambulisha wimbo wa Kikurya au Kijita kwa Kiswahili. Kenya ina vituo vya lugha za makabila, kama Ramogi FM kwa Kijaluo. Kwa hiyo mpaka wa Sirari na Isebania ni mlango wa soko. Wakurya na Wajaluo wako pande zote mbili, na wimbo wa nyatiti uliorekodiwa Rorya unaweza kupata wasikilizaji Migori na Kisumu. Msanii wa Kizanaki au Kiikizu hana wasemaji wengi hivyo ng'ambo, na hesabu yake ni tofauti: kiitikio cha Kiswahili, beti za kwao.

Mfano wa Saida Karoli wa Kagera unathibitisha kwamba lugha ya nyumbani haifungi njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliimba Kihaya juu ya ngoma za kwao, na Maria Salome, ambao wengi huuita Chambua Kama Karanga, ukachezwa nchi nzima na watu wasiojua Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliusuka upya kwa jina la Salome, na kizazi kipya kikarudi kuutafuta wa kwanza. Wimbo mzuri wa kijijini una maisha ya pili.

Usambazaji wa leo una tabaka mbili. Chini kuna vibanda vinavyorusha nyimbo kwenye memori kadi, bodaboda, mabasi ya Mwanza hadi Sirari na minada. Huko hakuna malipo, ila ndiko jina linakokua. Juu kuna YouTube, Boomplay, Spotify iliyofika Tanzania mwaka 2021, na miito ya simu. Huko malipo yapo, ila hayamfikii asiyesajili akaunti kwa jina lake. Mara nyingi anayepandisha video ndiye anayelipwa, naye anaweza kuwa prodyuza, mpiga picha au mpenzi wa muziki asiyemjua msanii.

Usajili na mgawanyo

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 ndiyo iliyozaa COSOTA. Kwa marekebisho ya 2022, COSOTA ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na ukusanyaji wa mirabaha umefunguliwa kwa taasisi za wenye haki. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984, husajili na kusimamia wasanii. Sheria ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila kunahitaji kibali, na mamlaka yenye kazi hiyo ni BASATA. Msanii wa Mara kwa hiyo hutenganisha mafungu mawili kabla ya kuingia studio: wimbo wa jamii, ambao hawezi kuuandika kuwa mali yake, na utunzi wake mwenyewe, ambao ni kosa kuuacha bila jina.

Hata anayependa kantri yenyewe hakwepi kanuni hii. Sir Elvis wa Nairobi amejenga jina kwa kuimba nyimbo za Jim Reeves na wenzake mbele ya hadhira inayozipenda kwa dhati. Nyimbo za watu humpa mwimbaji malipo ya jukwaa; mrabaha wa utunzi huenda kwa watunzi na warithi wao. Dolly Parton alilielewa hilo alipokataa kutoa nusu ya haki za uchapishaji za I Will Always Love You, aliyoitoa mwaka 1974, ili Elvis Presley airekodi. Whitney Houston alipoiimba mwaka 1992, haki zilikuwa bado mikononi mwa mtunzi.

Hatua ya mwisho kabla ya wimbo kutoka ni karatasi ya mgawanyo. Hutaja mtunzi wa maneno, mtunzi wa sauti, mpigaji wa litungu, prodyuza na meneja, asilimia ya kila mmoja, mwenye rekodi, mwenye akaunti za mtandaoni na muda wa mkataba. Iandikwe kwa Kiswahili ambacho wote wanakielewa, isainiwe mbele ya shahidi, na nakala ibaki nyumbani kwa msanii. Hakimiliki ya mtunzi nchini Tanzania hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na karatasi hiyo ndiyo watakayoihitaji watoto wake siku wakidai kilicho chao.