Wakwezi wa Kanga

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini mkwezi wa Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, ana panga kiunoni na kitanzi cha kamba miguuni tu.

Mnazi mrefu huweza kupita mita 20. Mvua ikinyesha, hungoja shina likauke. Kileleni haliamini kuti kavu: hulitikisa kwanza, maana likichomoka wataanguka pamoja. Kabla ya kuangua hupaza sauti, watoto waondoke chini. Nazi changa huziacha, ingawa hakuna anayemwona huko juu. Kwangu huo ni uadilifu mkubwa.

Jioni tunakuna nazi, tunakamua tui, bila kuuliza iliteremkaje.